Niliijua njia ya Kalenga nikiwa Bremen

Picha yenyewe ilikuwa ya kawaida. Nimesimama kwenye mvua ya manyunyu, koti la baridi limefungwa hadi kidevuni, mikono yangu miwili imeshika miguu ya mbele ya punda wa shaba. Juu ya punda kasimama mbwa, juu ya mbwa paka, juu ya paka jogoo. Ni sanamu maarufu ya mjini Bremen, iko hapo tangu 1953, na miguu ya yule punda inang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa jivu, maana kila mgeni anaishika. Nikaituma kwenye grupu la familia. Sijavuka hata uwanja, shangazi yangu wa Mafinga akawa amejibu kwa sauti: "Mwanangu, sisi tulikuchangia ukasome. Kumbe unatembea?"

Niliusikiliza ujumbe ule mara tatu. Uliniuma, kwa sababu shangazi alikuwa na haki ya kuuliza. Ufadhili ulilipa ada na chumba, lakini gharama za viza, nauli za kwenda na kurudi Dar, pamoja na koti hilohilo la kwenye picha, vilitoka kwenye mchango uliofanyika sebuleni kwake. Aliuza magunia ya viazi kabla bei haijapanda. Siku ile nilimjibu "shikamoo shangazi, nitakueleza" na sikumweleza. Nimesharudi nyumbani Iringa, na maelezo yenyewe ndiyo haya.

Nilikuwa Göttingen, mji wa chuo katikati ya Ujerumani, nikisoma misitu. Mtoto wa Mufindi aliyekulia karibu na misonobari ya Sao Hill haulizwi kwa nini alichagua misitu. Wiki nzima ni darasani na maabara, na jioni unasoma hadi macho yanakauka. Ila nilipofika nilishangazwa na jambo moja kuhusu wanafunzi wenzangu: Ijumaa mchana hawaulizani kama watasafiri, wanaulizana wanakwenda wapi. Na hawakuwa watoto wa matajiri. Mei 2023 nchi ile ilianzisha tiketi ya mwezi ya euro 49. Ukiwa nayo unapanda treni za mikoani, mabasi na tramu nchi nzima, isipokuwa zile treni za mwendo wa kasi. Mimi nilikuwa nainunua kila mwezi kwa ajili ya shughuli zangu za kawaida. Kwa hiyo kwenda Bremen hakukuniongezea hata senti moja ya nauli. Nilichemsha mayai manne usiku, nikafunga mkate, nikajaza chupa ya chai ya tangawizi, saa kumi na mbili asubuhi nikawa stesheni. Nikabadilisha treni Hannover. Pesa niliyotoa mfukoni siku nzima ni kiingilio cha makumbusho na bakuli la supu. Shangazi, hesabu ndiyo hiyo.

Lakini swali lake halikuwa la hesabu tu, na jibu langu haliwezi kuishia kwenye nauli.

Nilikwenda Bremen kwa sababu ya aibu. Jumatano ya tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuwa Songea, kwenye makumbusho ya Maji Maji, akiomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea babu zetu. Kesho yake darasani wenzangu walikuwa wameisoma habari. Mmoja wao, msichana wa Bremen, akaniuliza Songea iko umbali gani na kwetu. Nikamwambia ni Nyanda za Juu Kusini hukohuko, ila sisi wa Iringa shujaa wetu ni Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Akasema, "Yule ambaye fuvu lake lilikuwa kwetu?" Nikaona fahari, nikaanza kumwaga historia kama niko mbele ya msahihishaji: Agosti 1891 Mkwawa akaliangamiza jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Zelewski pale Lugalo. Oktoba 1894 ngome yake ya Kalenga ikaanguka. Julai 1898 akajipiga risasi Mlambalasi ili asikamatwe akiwa hai, nao wakakata kichwa wakaondoka nacho. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Sasa hilo fuvu liko wapi?" Nikamjibu liko Kalenga. "Nje kidogo ya mjini kwenu? Umewahi kuliona?"

Sikuwa nimewahi.

Kalenga iko kilomita kama 15 kutoka Iringa mjini, njia ya kwenda hifadhi ya Ruaha. Nilisoma sekondari hapa mjini miaka sita, kidato cha kwanza hadi cha sita. Lugalo nimepita mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, kwa sababu basi la Dar ni lazima lipite pale kabla ya Ilula, na kila mara nilikuwa nimelala au natafuta karanga dirishani. Nilikuwa nazijua tarehe zote na sikuwa nimepaona hata mahali pamoja. Msichana wa Bremen hakuniuliza kwa ubaya. Alitaka tu kujua likoje.

Basi Jumamosi nikapanda treni.

Makumbusho yenyewe, yanaitwa Übersee-Museum, yako ubavuni mwa stesheni kuu. Ukitoka mlango wa mbele hutembei dakika tatu. Ndani kuna kumbi kubwa zilizoezekwa vioo, mwanga unaingia kutoka juu, na vitu vya watu wa mabara yote vimepangwa humo. Nilizunguka polepole. Sikuwa natafuta fuvu, nilijua haliko pale. Nilitaka kusimama katika nyumba ambamo lilitolewa. Mkataba wa Versailles wa 1919, ule uliofunga Vita vya Kwanza vya Dunia, una kifungu cha 246 kinachoitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Sultani Mkwawa kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. (Kifungu hichohicho kinaagiza Kurani ya Khalifa Othman irejeshwe kwa mfalme wa Hijazi. Mtu wetu wa Iringa na msahafu wa khalifa, vimewekwa pamoja katika karatasi za amani ya dunia.) Miezi sita hiyo ikazaa zaidi ya miaka 30. Ni hadi miaka ya 1950 ambapo Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda mwenyewe Bremen, akaonyeshwa mafuvu mengi, akachagua moja kwa kulinganisha vipimo na vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai. Wapo wanahistoria wanaotilia shaka kama ndilo lenyewe. Tarehe 19 Juni 1954 Twining akalikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mkwawa, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge letu.

Haya yote nilikuwa nayajua. Ila kuna tofauti ya kujua kwamba mafuvu yalikuwa mengi na kusimama kwenye ukumbi ukijiuliza yaliwekwa upande gani, kwenye kabati au kwenye masanduku, na nani alikuwa anayafuta vumbi. Nilikaa kwenye benchi nikashindwa kunywa chai yangu.

Nyuma ya stesheni, kwenye bustani iliyopewa jina la Mandela, kuna tembo wa matofali, mrefu kama nyumba ya ghorofa. Walimjenga mwaka 1932 kuwaenzi Wajerumani waliokufa wakipigania makoloni. Hawakumbomoa. Mwaka 1989 wakambadilisha maana, wakamtangaza kuwa mnara wa kupinga ukoloni, na pembeni yake sasa kuna duara la mawe yaliyoletwa kutoka Namibia kuwakumbuka Waherero na Wanama waliouawa na Wajerumani kuanzia 1904. Nilimgusa yule tembo. Matofali yalikuwa yamelowa, yana ubaridi wa kaburi. Baba mmoja alikuwa pale na mtoto wa miaka saba au minane, anamsomea maandishi ya kibao neno kwa neno, mtoto anauliza, baba anajibu, mvua inanyesha na hawana haraka. Niliwatazama kwa muda mrefu. Ile ndiyo picha ambayo ningeituma kwenye grupu, badala ya ile ya punda.

Naamini safari ya wikendi ni masomo kamili, wala si anasa anayoiba mwanafunzi kwenye muda wa kusoma. Anayekwenda ughaibuni kwa mwaka mmoja au miwili akarudi anajua chumba chake, darasa lake na duka la vyakula tu, amerudi na cheti na nusu ya alichofuata. Ninawaambia hivyo wadogo zangu wanaoniandikia kuuliza kuhusu ufadhili: soma kwa nguvu zako zote, na ikifika Jumamosi funga mkate, panda treni. Usiogope grupu la familia.

Lakini ninaloliamini zaidi ni la hapa nyumbani. Hapa Iringa tuna vyuo vikuu, tuna maelfu ya vijana wanaotoka Kagera, Mara, Mtwara, wanakaa miaka mitatu. Rafiki yangu mmoja alimaliza shahada yake katika mji huu, na katika mji huu jina la Mkwawa limeandikwa hadi kwenye mageti ya shule na chuo, akaondoka bila kufika Kalenga. Hajafika Isimila, zilipo zana za mawe za watu wa kale na zile nguzo za udongo zilizochongwa na mvua, kilomita 20 tu kwenye njia ya Mbeya. Hajapanda Gangilonga, jiwe ambalo liko juu ya mji na analiona kila asubuhi akienda darasani. Wikendi zake ziliishia kufua, kulala na simu. Simlaumu, mimi nilikuwa vilevile. Hakuna aliyetuambia Jumamosi ni ya nini.

Watu wananiambia tatizo ni pesa. Kalenga kuna daladala. Vijana wanne wakichanga wanaingia makumbusho, wanakula ugali na samaki, wanarudi kabla ya giza, na bado hawajafikia gharama ya jioni moja ya kuangalia mpira wa Ulaya. Wengine, hasa wazee wa Kihehe, wananiambia sisi hatuhitaji kwenda, tumesimuliwa tangu utotoni. Ni kweli tumesimuliwa, na masimulizi yale ndiyo yaliyonifanya nione fahari mbele ya wenzangu. Lakini yaliishia hapohapo, kwenye swali la "likoje?"

Ningekuwa na sauti kwenye vyuo vyetu ningeomba kitu kimoja: ile wiki ya kwanza ya kuwapokea wanafunzi wapya, Jumamosi yake iwe ya Kalenga. Wapewe mabasi ya chuo yaleyale yanayopeleka timu kwenye mashindano. Sombetini, Bariadi, Newala, popote walipotoka, waanze kwa kujua wamefika kwa nani.

Mimi nilikwenda mwezi wa pili baada ya kurudi. Niliwachukua watoto watatu wa dada yangu, mkubwa ana miaka kumi na mmoja, tukapanda daladala Jumapili baada ya ibada. Makumbusho ni madogo. Kuna mikuki, ngao, bunduki za zamani, na fuvu limo kwenye kisanduku cha kioo, liko karibu nawe kuliko unavyotegemea. Nilikuwa nimejiandaa kuwaeleza mengi, Lugalo, Versailles, Bremen, yote. Nikashindwa. Ni dogo. Nilikuwa na kichwa cha jitu akilini kwa miaka yote ile, na pale mbele yangu kulikuwa na kichwa cha mtu, kama cha baba yangu. Mlinzi wa makumbusho alituacha tukae tunavyotaka, akatoka nje kabisa. Nje kulikuwa na upepo wa kiangazi na mbuzi wanalia.

Yule wa miaka minane, Mungu ambariki, ndiye aliyevunja ukimya. "Mama mdogo, mwili wake je?"

Nikamwambia uko Mlambalasi, alikofia.

"Kwa nini hawajaviweka pamoja?"

Sina jibu hadi leo. Nimewauliza watu wazima wawili ninaowaamini na kila mmoja ameniambia tofauti. Nilimwahidi mtoto tutakwenda kaburini tukaone kwa macho yetu. Mlambalasi ni mbali zaidi kidogo, hakuna daladala ya kukufikisha, inabidi kukodi gari. Wiki iliyopita nikaandika kwenye grupu la familia: Jumamosi ya mwisho ya mwezi, safari ya Mlambalasi, kila mtu mzima achangie mafuta, chakula tunabeba kutoka nyumbani, nitachemsha mayai.

Wa kwanza kujibu alikuwa shangazi, tena kwa sauti. Alianza na "kamwene", salamu ya kwetu, kama kawaida yake, akauliza tunaondoka saa ngapi, akasema atashuka kutoka Mafinga Ijumaa jioni alale kwangu, na nimwekee kiti cha mbele kwa sababu ya magoti. Noah niliyoipata inabeba watu saba. Mpaka leo asubuhi tumeshafika tisa.