Jujutsu ya Kale Haieleweki Bila Upanga Kiunoni

Nikionyesha mbinu za jujutsu ya kale, sanaa ya mapigano ya Kijapani, mbele ya vijana wa judo au wa ndondi, swali haliachi kuulizwa: siku hizi nani atakuja kukukamata kifundo cha mkono? Swali lina haki yake. Ukiitazama mbinu ikiwa peke yake, mtu mmoja anamshika mwenzake mkono wa kulia kwa mikono yake yote miwili, kisha anaangushwa. Mtu mwenye nia ya kukudhuru hakushiki mkono. Anakupiga.

Sasa mvalishe upanga yule anayeshikwa. Uweke kiunoni upande wa kushoto, kama samurai alivyouvaa. Mkono wake wa kulia unaelekea kwenye mpini. Adui aliyesimama hatua moja mbele yake ana nafasi moja tu ya kubaki hai, nayo ni kuuzuia mkono ule kabla upanga haujatoka alani. Hataushika kwa adabu. Ataubana kwa uzito wake wote. Na hapo ndipo mbinu inapoanzia: mwenye upanga anageuza nyonga, kiwiko kinashuka kisha kinapanda, aliyeshika anavutwa mbele kwa nguvu zake mwenyewe, na mkono unakuwa huru kufanya ulichokusudia. Umbali kati yao, kwa nini ni mkono wa kulia, kwa nini aliyeshika haachii haraka, yote yanajieleza.

Ndiyo maana nashikilia msimamo ambao wenzangu wengi wa mazoezini hawaupendi: historia ya jujutsu ni sehemu ya mbinu yenyewe. Wengi wanaifanya kama utangulizi wa kusomewa wageni kabla ya mazoezi. Mwanafunzi asiyejua mbinu ilizaliwa katika hali gani atakosea umbali, atakosea wakati, atakosea hata uso uelekee wapi, na mwishowe atasema mbinu haifanyi kazi. Atakuwa anasema kweli, kwa sababu anachofanya yeye si mbinu ile tena.

Chukua Takenouchi-ryu, chuo ambacho mwaka wake wa kuanzishwa, 1532, ni wa zamani kuliko wa karibu kila chuo kingine cha jujutsu kinachojulikana. Kilianzia jimbo la Mimasaka, ambalo leo ni sehemu ya Mkoa wa Okayama, wakati Japani ikiwa imegawanyika vipande vya mabwana wa vita waliopigana bila kukoma. Mapokeo ya chuo yanasimulia kwamba mwanzilishi, Takenouchi Hisamori, alikuwa akifanya mazoezi peke yake mlimani kwa upanga mrefu wa mbao. Akatokewa na mtawa wa milimani aliyemwambia kuwa urefu ule hauna faida, akaukata vipande viwili, akamfundisha mbinu za kupambana kwa silaha fupi. Uamini utokezi ule au usiuamini, kisa kinakuambia chuo kilikuwa kinafikiria nini: mapambano ya karibu sana, ambako upanga mrefu unageuka mzigo na kisu kifupi ndicho kinachoamua. Chuo hicho hufundisha pia kumfunga mtu kamba. Basi mtu anayedhani jujutsu asili yake ni mikono mitupu hajafika hata mlangoni.

Kisa hiki kina faida nyingine pia. Kuna dai la zamani kwamba jujutsu ililetwa Japani na Mchina aitwaye Chen Yuanbin. Yeye alizaliwa mwaka 1587. Hesabu ni nyepesi.

Kamba ile ya Takenouchi-ryu inafafanua jambo ambalo wacheza judo huniuliza mara kwa mara. Wao wamezoea kumlaza mtu chali na kumgandamiza, wakati katika vyuo vingi vya kale mbinu humalizikia kwa aliyeangushwa kulala kifudifudi, mkono wake umekunjwa mgongoni, goti la mshindi likiwa begani. Hakuna mwamuzi wa kuhesabu sekunde. Kuna mtu anayepaswa kukamatwa akiwa hai, afungwe na kupelekwa mbele ya mkubwa, na huenda ana kisu kingine ndani ya nguo. Ukishajua hilo, unaacha kuuliza kwa nini mbinu ile inaishia pale, na unaanza kuangalia mkono wake mwingine uko wapi.

Vivyo hivyo mbinu za kupiga magoti, ambazo wanafunzi wapya huzichukia kuliko zote. Magoti yanauma, ngozi ya vidole vya miguu inachubuka, na wanaona ni mateso yasiyo na sababu. Lakini nyumba ya Kijapani ilikuwa ya kukaa chini. Mgeni alivua upanga mrefu akauweka kando, ule mfupi ukabaki kiunoni, na shari ilipotokea ilianzia pale pale sakafuni, watu wakiwa wamekaa magoti kwa magoti. Halafu kuna faida ya mwili ambayo mimi naithamini zaidi: ukiwa umepiga magoti huwezi kudanganya kwa miguu. Nyonga isipofanya kazi, hakuna kinachotokea.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko ndani ya judo yenyewe, na wachezaji wengi wa Zanzibar, Dar es Salaam na Nairobi hawajapata kuuona. Kodokan, chuo mama cha judo kilichoko Tokyo, imehifadhi mfululizo wa mbinu 21 uitwao Koshiki-no-kata, uliotoka chuo cha Kito-ryu. Wawili wanatembea kwa uzito, miguu ikijipanga pole pole, na huwaoni wakivutana kola. Ukiwatazama bila maelezo utadhani ni wazee wamechoka. Kumbe wanatembea kana kwamba wamevaa deraya. Aliyevaa deraya hana kola ya kushikwa, lakini ana uzito mkubwa juu ya kiuno, na ukimsogeza nje ya mizani kidogo tu, deraya yenyewe inamalizia kazi. Siri nzima ya kuvunja mizani, ambayo judo ya leo inaisifia, imewekwa pale wazi kwa anayejua cha kutazama.

Huwa naambiwa, sawa, lakini ulimwengu umebadilika, tuchukue kinachofaa tuache mengine. Wanamtaja Kano Jigoro, mwanzilishi wa judo. Na kweli Kano alichagua. Ila wasisahau alianzia wapi. Mwaka 1876 serikali mpya ya Japani, ile ya zama za Meiji, ilikuwa imepiga marufuku kubeba panga hadharani, jujutsu ilionekana mabaki ya zama zilizopita, na kijana huyu mwenye mwili mdogo alilazimika kumtafuta mwalimu kupitia waunga mifupa, kwa sababu kazi hiyo ndiyo iliyowalisha wajuzi wengi wa jujutsu wakati huo. Akampata Fukuda Hachinosuke wa chuo cha Tenjin Shin'yo-ryu mwaka 1877. Kano mwenyewe alisimulia kwamba alipomuuliza Fukuda mbinu fulani inafanywaje, mzee alimwita tu aje, akambwaga. Akauliza tena, akabwagwa tena. Fukuda alipofariki mwaka 1879, hati za chuo alikabidhiwa Kano. Baadaye akaingia Kito-ryu kwa Iikubo Tsunetoshi. Alipofungua Kodokan mwaka 1882 katika hekalu la Eishoji, Tokyo, alikuwa amekwisha kubwagwa vya kutosha ndani ya vyuo viwili. Anayechagua baada ya hapo anajua anaacha nini. Anayechagua baada ya kutazama video hajui.

Nikasirikie na hili la nasaba. Katika vyuo vya kale, ruhusa ya kufundisha hutolewa na mwalimu kwa hati, ngazi kwa ngazi, mpaka ile ya mwisho iitwayo menkyo kaiden, yenye maana kwamba hakuna kilichobaki cha kukufundisha. Mikanda ya rangi haikuwemo. Ngazi za dan, yaani daraja za mkanda mweusi, ziliingizwa kwenye sanaa za mapigano na Kano. Sisi watu wa pwani tusingepaswa kuona jambo hili geni, maana mwanachuoni wetu hupewa ijaza na shekhe wake, na silsila ya walimu hutajwa jina kwa jina. Mtu akijitokeza msikitini na silsila ya kubuni atajulikana kabla ya adhuhuri. Lakini mtu akitundika bango la jujutsu ya samurai, akajivika mkanda mwekundu na cheo cha Kijapani alichojitungia, tunampigia makofi na kumlipa ada. Huo ni uwongo, na unawadhulumu watu wawili: kijana anayelipa, na yule mzee wa Okayama au Kyoto aliyebeba kitu cha kweli kwa uvumilivu wa maisha mazima.

Sisemi kwamba asiye na hati asifundishe. Jujutsu zilizotungwa Ulaya na Marekani katika karne ya 20, kwa kuchanganya judo, karate na aikido, zina mbinu nzuri, na nyingi zinafaa kujilinda kuliko zile za kale. Ninachotaka ni jina la kweli. Kabla hujajiandikisha popote, muulize mwalimu alijifunza kwa nani, na huyo alijifunza kwa nani, na mbinu hii ya leo ilikusudiwa dhidi ya mtu mwenye silaha gani. Akikuambia, mwanangu, nimejifunza judo, mengine nimeyapata kwenye semina na kusoma, na hili hapa sijui lilitoka wapi, basi jiandikishe. Mwalimu wa namna hiyo ningempelekea watoto wangu kesho.