Kanzu ya Ijumaa na Pasi ya Jogoo

Leo Ijumaa, saa tano na nusu, kanzu ina tundu tatu mgongoni. Si kubwa. Ni tundu za cheche, kila moja kama punje ya mtama, zimejipanga kama kilimia. Ukiuliza nani kafanya, nyumba nzima inatazama boriti.

Wapo wanaosema ndoa huwa tamu wawili wakipenda kitu kimoja. Hao hawajakaa nyumba moja wapenda vya kale wawili. Akiwa mmoja tu, mambo hujirekebisha: yule wa pili atanuna, atauliza hilo dude limegharimu shilingi ngapi, na dude litarudi lilikotoka. Wakiwa wawili nani atanuna? Bwana anaingia na saa ya ukutani isiyo na mishale, bibi anamwuliza, "Na pacha wake umemwachia nani?" Ndiyo maana ukutani zipo saa nne, na wakati tunausikia kwa mwadhini.

Tuje kwenye pasi. Ni ya mkaa, nzito, mpini wa mbao, na kifuniko kinafungwa kwa kijogoo cha shaba. Ya umeme ilitolewa nyumbani kwa kauli moja, kwa kosa la kukosa haiba. Akitokea mtu wa kushauri, anakumbushwa lile giza la Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja nzima miezi mitatu, wenye pasi za mkaa wakipita njiani wamenyooka kama mishumaa. Haya, tumesikia. Lakini leo umeme upo, na mita ya Tukuza imejazwa jana.

Mkaa hauwashwi ndani ya pasi. Unawashwa kwenye jiko la seredani, vipande vya ukubwa wa ndimu, unaachwa mpaka uvae jivu jeupe, ndipo unapotiwa kwa koleo. Usipite theluthi mbili: kaa likigusa kifuniko, mpini unaungua na mkono nao. Mkaa uliokaa na unyevu ukipata moto hupasuka, tatatata, na hizo ndizo cheche. Chenga za chini ya gunia nazo ni mbaya, zinapita kwenye matundu ya pembeni kama wanafunzi wanaotoroka chuo. Kupepea ni dirishani, unaibembeza pasi nyuma na mbele mpaka jivu litoke, unapangusa chini kwa kitambaa kikavu, kisha unarudi kwenye nguo. Dirishani! Si juu ya kanzu!

Halafu kuna kulainisha uso wa pasi, na hapa ndipo siku inapoharibikia. Bibi ni mtu wa jani la mgomba: unapitisha pasi juu ya jani bichi, masizi yanabaki kwenye jani, na pasi inateleza. Bwana ni mtu wa mshumaa: kipande kinafungwa kwenye kitambaa cha pamba, pasi inapitishwa mara moja, inafutwa, basi.

"Mshumaa unaacha doa la mafuta, Baba Nassor."

"Unaacha doa usipofuta, mke wangu."

"Bibi yangu alitumia mgomba miaka yote, na kanzu za babu zilikuwa zinaita."

"Bibi yako alikaa shamba. Hapa Mji Mkongwe mgomba uko wapi? Tuupande sebuleni, kando ya zile saa?"

"Darajani jani linauzwa."

"Kwa hiyo mtu aende Darajani, anunue jani, arudi, Ijumaa hii, saa tano?"

Tatizo la pasi ya mkaa ni kuwa haisubiri hoja ya pili. Wakati mjadala umefika kwa babu mzaa babu, makaa yameshafunikwa na jivu, pasi imekuwa vuguvugu, na mmoja wa wahusika, simtaji, anainyanyua na kuibembeza palepale alipo, kwa hasira, juu ya kanzu. Nimetangulia kusema mshumaa! Tangu Mfungo Mosi nasema mshumaa! Hakuna anayenisikia humu!

Samahani.

Moto hupimwa kwa tone la maji. Likikaa likachemka taratibu, bado. Likirukaruka na kupotea, tayari kwa pamba yenye unyevunyevu. Kwa kanzu za siku hizi zenye polyesta tone likirukaruka umeshachelewa: kitambaa kinayeyuka, au kinabaki na mng'aro wa umbo la pasi ambao haufutiki kwa dua wala kwa sabuni. Weka kitambaa cha pamba juu yake kwanza.

Wanga nao una adabu zake. Kijiko kimoja cha wanga wa muhogo, nusu kikombe cha maji baridi, koroga mpaka madonge yaishe, ndipo mimina lita moja ya maji yanayochemka huku unakoroga, mpaka uji uwe wa kupenya mwanga. Ukianza na maji ya moto utapata madonge, na kanzu itatoka na magamba kama changu. Wala usiweke nguo ya wanga kabatini miezi. Mende wanaijua harufu yake kuliko sisi tunavyoijua ya pilau.

Santuri sizitaji leo. Nitasema tu kwamba zile nzito za kabla ya plastiki, za enzi Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, zina laki ndani yake, ule utomvu wa wadudu, na laki huyeyuka kwa spiriti. Kuziosha ni maji ya vuguvugu, tone la sabuni laini, karatasi ya katikati isilowe. Chupa ya spiriti imekutwa wapi juzi, na kitambaa cheusi kando yake, nayo nimeyanyamazia.

Kitanda cha besera, kile cha nguzo na paa, bado kiko chini ya ngazi, kimekwama kwenye kona tangu kusi.

Sasa adhana inakaribia. Kofia ya viua imefuliwa, imetiwa wanga, imevishwa kwenye faroma, kalibu yake, ikauke bila kusinyaa, kazi safi kabisa, ya kwanza wiki hii isiyo na ugomvi. Na paka kailalia.

"Mwache," anasema bibi, "anaipa umbo la zamani."