Mzee wangu, usizime filamu kabla majina hayajapita

Jumamosi nimegombana na kijana nisiyemjua, ndani ya kibanda umiza hapa Mikindani. Tulikuwa tunaangalia filamu ya Point Break, ile iliyorudiwa mwaka 2015, si ya Patrick Swayze ya 1991. Ikafika pale jamaa wanajirusha kutoka juu ya jabali wakiwa na mavazi yenye mabawa, wanapenya katikati ya kuta za mawe. Kijana akapaza sauti: "Kompyuta hiyo!", yaani hakuna aliyeruka, picha zimetengenezwa tu. Banda zima likaitikia.

Nilishindwa kunyamaza. Wale ni watu! Walipanda milima ya Walenstadt, Uswisi, wakaruka kweli, kundi zima kwa pamoja, kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa, na mpiga picha naye angani, kamera kichwani. Anayeruka peke yake akikosea, amekosea peke yake. Hapa mmoja akiyumba kidogo anamgonga mwenzake, na mwamba uko ubavuni. Aliyewaongoza angani ni Jon Devore. Mmoja wao, Jhonathan Florez wa Colombia, alifariki Julai mwaka huohuo, akiruka katika mazoezi hukohuko Uswisi. Filamu ilitoka Desemba, yeye yuko kaburini. Halafu mtu ameketi kwenye benchi anasema kompyuta.

Mjomba wangu alikuwa mkwezi. Tajiri wa shamba alihesabu nazi, sisi watoto tulikunywa madafu, na sikumbuki hata siku moja mtu kumuuliza huko juu upepo ulikuwaje. Nilimwona akishuka miguu inatetemeka, anakaa chini ya mnazi kimya mpaka pumzi imrudie. Ndiyo maana neno la yule kijana liliniuma.

Haya, hadithi ya kwanza inashika zaidi, hilo siwezi kubisha. Bodhi, yule kiongozi wa genge, wa Swayze ukimwangalia unaweza kumfuata baharini. Huyu wa Edgar Ramírez anahubiri mno. Na kompyuta zipo, filamu nyingi siku hizi zimejaa. Lakini hiyo si sababu ya kumnyang'anya mtu jasho lake.

Hata wakubwa wamechelewa. Oscar zinatolewa tangu 1929, na ni mwaka 2025 tu walipotangaza tuzo ya watu wanaobuni matukio ya hatari, tena kwa filamu zitakazotoka kuanzia 2027. Karibu miaka mia steringi anapigiwa makofi kwa mwili wa mtu mwingine.

Sasa nakuomba wewe, mzee wangu mwenye kibanda. Shikamoo. Filamu ikiisha huwa unazima palepale, unaweka nyingine. Najua foleni iko mlangoni na umeme unalipia wewe. Niachie yale majina ya waliofanya kazi yapite mpaka mwisho. Hizo dakika nitazilipia kama kiingilio cha pili, na yule kijana nitamlipia pia, akae karibu nami tuyasome.