"Ana aleji ya penisilini": tuyaamini maneno haya mpaka lini?

Mtoto wa miaka 3 anaumwa sikio, anapewa amoksilini ya maji, dawa ya jamii ya penisilini. Siku ya 5, homa ikiwa imeshapoa, mama anamvua nguo amwogeshe na kukuta vipele vyekundu vimetapakaa kifuani na mgongoni. Mtoto mwenyewe hana habari, anachezea maji. Anarudishwa kwa daktari, dawa inasimamishwa, na juu ya faili yake panaandikwa kwa wino mwekundu: "Ana aleji ya penisilini." Miaka 30 baadaye yeye ni mtu mzima, na kila akiulizwa kuhusu dawa anajibu vilevile. Ukimdadisi ilikuwaje, hajui. Aliambiwa na mama yake.

Wenye historia kama hiyo ni wengi. Nchini Marekani kiasi cha mtu 1 kati ya 10 ameandikwa kuwa na mzio (aleji) wa penisilini, lakini wakipimwa ipasavyo, zaidi ya 9 kati ya kila 10 wanaimudu dawa hiyo bila shida. Hapo ndipo ubishi unapoanza: maandishi yale yaachwe yawe kinga, au mtu aitwe, apimwe, na ikibidi yafutwe? Mimi niko upande wa kupima, ingawa hofu ya wanaopinga si ya bure hata kidogo.

Tuianze hiyo hofu. Mzio wa papo hapo unatisha. Mara nyingi ndani ya saa moja tangu dawa iingie mwilini, ngozi inatoka mabaka yaliyoinuka yanayowasha, midomo na ulimi vinavimba, kifua kinabana, na presha inaweza kushuka hadi mgonjwa akazimia. Tiba ya kwanza ni adrenalini, sindano ya kwenye msuli wa paja kwa upande wa nje: miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, isizidi 0.5 kwa mtu mzima. Vidonge vya mzio vinatuliza kuwashwa tu, havizibui koo wala kupandisha presha. Aliyewahi kumuuguza mtu katika hali hiyo hataki kusikia habari ya kujaribu tena. Atakuambia dawa nyingine zipo, za nini kuitafuta hatari?

Zipo kweli, ila zina gharama yake. Mgonjwa aliyenyimwa penisilini na jamii yake huishia kupewa antibiotiki zinazoua vijidudu vingi kuliko inavyohitajika. Wagonjwa wa aina hiyo wameonekana kupata zaidi bakteria sugu, kuharisha kwa hatari kunakoletwa na bakteria aitwaye Clostridioides difficile, na maambukizi kwenye vidonda vya upasuaji. Na kuna mahali ambapo mbadala haupo kabisa: kwa mjamzito mwenye kaswende, penisilini ndiyo dawa pekee inayopendekezwa kumkinga mtoto aliye tumboni. Ikithibitika kwamba ana mzio kweli, hulazwa na kuzoeshwa dawa kidogo kidogo, dozi ikipandishwa kwa saa kadhaa chini ya uangalizi. Mazoea hayo hudumu kwa muda wa tiba ile tu; akiacha dawa, mzio wake uko palepale.

Turudi kwa yule mtoto. Vipele vyake vingeweza kuletwa na kirusi kilekile kilichomletea homa. Watoto hutokwa na vipele kwa virusi hata wasipomeza kidonge, na mwenye virusi vya Epstein-Barr akipewa amoksilini anaweza kujaa upele mwili mzima bila kuwa na mzio wa kudumu. Wengine waliandikwa kwa sababu ya kuharisha au kichefuchefu, ambavyo ni madhara ya kawaida ya dawa na si mzio. Halafu kuna muda: hata waliokuwa na mzio wa kweli wa papo hapo, takriban 8 kati ya 10 huwa mzio umewaishia baada ya miaka 10.

Kinachoamua ni maswali kabla ya vipimo. Dawa ipi? Lini? Ilichukua dakika au siku ngapi? Ngozi ilikuwaje? Alilazwa? Kama tukio lilikuwa dogo na la zamani, anaweza kupewa dozi ya amoksilini kwa mdomo na kukaa akiangaliwa angalau saa moja, mahali penye adrenalini na mtu anayejua kuitumia. Utafiti uliochapishwa 2023 ulifuatilia watu wazima 377 wa hatari ndogo: nusu walipewa dozi moja kwa moja, nusu walianza na kipimo cha ngozi. Kila upande alipatikana mtu 1 tu aliyeonyesha mzio. Mwenye historia nzito huanza na kipimo cha ngozi. Kwa penisilini kipimo hicho kinaaminika, kwa dawa nyingine nyingi hakitoshi. Na hakuna hata moja kati ya haya linalofanyiwa nyumbani.

Kuna mahali ambapo wanaopinga wana haki yote. Kama ngozi ilibabuka, midomo na macho vikatoka vidonda, au homa kali ikaja pamoja na ini kuharibika, dawa ile hairudiwi milele, hata tone. Hali hizi huanza siku au wiki kadhaa baada ya kuanza dawa, na dawa za kotrimoksazoli, nevirapini, kabamazepini na alopurinoli zinajulikana kwa hilo. Kwa abakavia, dawa ya VVU, kipimo cha jeni ya HLA-B*57:01 humtambua aliye hatarini kabla hajameza kidonge cha kwanza.

Kinachonisikitisha zaidi huja baada ya kipimo. Mtu anaambiwa hana mzio, anarudi nyumbani, na miezi michache baadaye yale maneno yako tena kwenye faili mpya, kwa sababu dirishani aliulizwa na akajibu kwa mazoea. Mpeni karatasi: dawa aliyopewa, dozi, tarehe, na kwamba hakupata chochote. Kama ni mtoto, mama awepo. Akae naye saa ile nzima, amfunue shati, amkague kifua na mgongo kwa mikono yake, palepale alipoviona vile vipele siku ile.