Kabla ya kulipa ada ya chuo cha bahari, uliza habari ya meli

Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka, hapa Kirumba, Mwanza, wazazi huniuliza kama chuo cha bahari kinalipa. Wanajua mpwa wangu amepita Chuo cha Bahari Dar es Salaam, DMI. Huwa nawajibu kwamba kinalipa, tena vizuri, ila anayefaidi ni aliyepata meli.

Wengi wanaogopa ukali wa mafunzo. Ni kweli, kadeti, yaani mwanafunzi anayeandaliwa kuwa afisa wa meli, anaamka alfajiri, anapanga mstari shati jeupe likiwa limenyooshwa pasi, na asiyeelewana na hesabu na fizikia atataabika. Halafu kuna mazoezi ya kujiokoa. Mpwa wangu alinionyesha namna ya kuruka kutoka juu: mkono mmoja umebana pua, mwingine umekandamiza jaketi la kuokolea, macho mbele, maji usiyatazame. Boti la mpira la kuokolea likifunguka kichwa chini, unapanda upande wenye mtungi wa gesi, unashika mkanda ulio chini ya sakafu yake, unajitupa kinyumenyume mpaka ligeuke na kukufunika. Unatokea pembeni unahema. Kisha unaambiwa rudia.

Sisi wa Mwanza tusiulalamikie ukali huo hata kidogo. MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996 ikiwa imeshakaribia kufika hapa, ikaondoka na mamia ya watu wetu. MV Nyerere ikapinduka Septemba 20, 2018 karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa watu 228, na kivuko chenyewe uwezo wake ulikuwa abiria 101. Nahodha anayeweza kusimama gatini akasema "imejaa, siondoki", huku abiria wanamtukana na bosi anampigia simu, hazaliwi hivyo. Anafinyangwa angali kijana.

Kinachoniuma ni yanayofuata baada ya darasa. Mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia, STCW, unamtaka kadeti wa sitaha, yule anayesomea kuongoza meli, awe na angalau miezi 12 ya kazi melini ndani ya mafunzo yaliyoidhinishwa, na kitabu chake cha mafunzo kisainiwe na maafisa wa meli, ndipo afikiriwe cheti cha afisa wa zamu, anayesimamia meli zamu yake inapofika. Na mkataba unazungumzia meli za baharini. Zinazotembea maji ya ndani tu haziingii humo. Kwa hiyo mtoto aliyekua akitazama meli za bandari ya Mwanza Kusini inambidi akagombee nafasi kwenye maji ya chumvi, pamoja na vijana wa Ufilipino na India ambao nchi zao zimezoea biashara hii miaka mingi. Hapo ndipo wengi hukwama. Wapo ninaowajua, diploma safi kabatini, wanaendesha bodaboda Nyegezi.

Aliyepanda, mambo yake hunyooka. Mpwa wangu analipwa kwa dola, akiwa melini hanunui chakula wala halipi kodi ya nyumba, na sasa anawasomesha wadogo zake. Ana gharama yake pia: bibi yake alifariki yeye akiwa katikati ya bahari, tukazika bila yeye.

Nasema wazi, wenye meli wa nchi hii, wa bahari na wa ziwa, walazimishwe kutenga nafasi za makadeti, na iwe sharti la leseni. Hata ziwani wataalamu wanahitajika. MV Mwanza imejengwa hapa hapa kubeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, na meli ya ukubwa huo haikabidhiwi mtu aliyejifunza kwa kuchungulia. Kijana wa ziwani apate vyeti vya maji ya ndani kwa njia iliyonyooka, bila kuzungushwa ofisi hadi ofisi.

Nawe mzazi, usiishie kuuliza ada na hosteli. Uliza mwaka jana makadeti wangapi walipanda meli, meli zipi, nani aliwatafutia nafasi, na wazazi walitoa shilingi ngapi zaidi ya ada. Ukitajiwa meli kwa majina, kalipe.