Anayekushauri kununua kiwanja analipwa na nani?

Kiangazi ndicho kipindi cha kuuza viwanja hapa Lubumbashi. Kuanzia mwezi wa tano mvua hainyeshi, barabara za udongo zinapitika, na dembo, yaani bonde la majimaji, ambalo mwezi wa pili lilikuwa limejaa maji linaonekana kama uwanja safi wa mpira. Komisioneri, yaani dalali wa viwanja, anakuchukua mjini asubuhi, mnaelekea upande wa Kasapa, wa Luano au njia ya Kipushi. Anakuonyesha mawe manne yaliyopakwa chokaa. Anakuonyesha kichuguu kikubwa na kukuambia kwamba udongo wake peke yake utatoa matofali ya kutosha nyumba. Hilo la kichuguu mara nyingi ni kweli. La dembo hatalitaja. Ukimwuliza maji yanapita wapi wakati wa mvua, jibu liko tayari: "Huku ni juu, papa, usiwe na wasiwasi."

Sina ugomvi na kazi ya ukomisioneri. Bila vijana hawa, mtu anayetoka Likasi au Kolwezi angezunguka wiki nzima bila kupata hata chumba cha kupanga. Ninachopinga ni jambo lililoota miaka hii ya karibuni: muuzaji kujiita mshauri. Komisioneri wa zamani alisema wazi: kuna kiwanja, bei ni hii, changu ni asilimia 10. Wa sasa anajiita mshauri wa uwekezaji. Ana kundi la WhatsApp, anakodi ukumbi Jumamosi, anaonyesha picha za maghorofa ukutani kwa projekta, na anafundisha watu kwamba pesa ikilala benki inakufa, kwamba kiwanja hakishuki bei kamwe, kwamba ukinunua viwili leo, kesho utauza kimoja na kingine kitakuwa kimekuja bure. Watu wanaandika kwenye daftari. Mama mtu mzima, mwalimu, fundi wa mgodini, wote kimya, wanaandika. Somo likiisha zinagawiwa fomu, na viwanja vilivyo kwenye fomu ni vya kampuni moja tu, ile iliyolipia ukumbi.

Mshauri analipwa na yule anayemshauri. Anayelipwa na mwenye mali ni muuzaji, na kuuza si kosa. Kosa ni kumficha mnunuzi jambo hilo moja, kwa sababu akilijua atasikiliza maneno yaleyale kwa sikio lingine kabisa. Ndiyo maana nasema sheria imlazimishe kila anayetoa ushauri wa kununua kiwanja au nyumba aandikishwe, aseme kwa maandishi nani anamlipa na kiasi gani, na awajibike kwa mfuko wake ushauri wake ukiwa wa uongo au wa uzembe.

Tuangalie ni nani wanaokaa kwenye viti vya ukumbi ule. Mkoa huu unaishi kwa migodi, na mgodi unampa mtu pesa nyingi kwa siku moja: siku ya dekonte, yaani malipo ya mwisho ya anayeacha kazi. Mtu aliyezoea mshahara wa mwezi anapewa bahasha ambayo hatapata nyingine maishani, na wiki hiyohiyo simu yake haikomi kulia. Wazee wetu waliyaona haya mwaka 2003 na 2004, wakati wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya migodi ya Serikali, walipoondoka kwa mpango wa kuacha kazi kwa hiari uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Walipewa pesa ya mkupuo, wakaachwa waamue peke yao la kufanya nayo. Hakukuwa na mtu aliyelazimika kuwaambia ukweli. Leo ni wafanyakazi wa makampuni mengine, na ni ndugu zetu walioko Ubelgiji na Afrika Kusini wanaonunua kwa kuangalia video ya dakika mbili, lakini upweke wa uamuzi ni uleule.

Mama mmoja wa Katuba alinionyesha risiti yake. Ni kikaratasi cha daftari la risiti kama wanavyouza sokoni, chenye mhuri wa duara wa kampuni. Imeandikwa jina lake, kiasi cha dola, na maneno "sehemu ya malipo ya kiwanja". Namba ya kiwanja hakuna. Jina la komine, yaani wilaya ya mji, hakuna. Vipimo hakuna. Chini kabisa, kwa herufi ndogo zilizochapwa, imeandikwa kwamba pesa iliyotolewa hairudishwi. Pamoja nayo alikuwa na ramani ya rangi, nzuri kuitazama, yenye barabara, shule, kanisa, na miraba iliyopewa namba kwa kalamu ya wino mzito. Haikuwa na saini ya mpima ardhi wala namba ya kadastre, yaani rejista ya vipimo vya viwanja. Nilimwuliza nani alimwambia anunue pale. Akasema: "Mshauri wetu." Hakusema muuzaji. Huyo mshauri alikuwa amemkalia saa nzima kwake nyumbani, akala naye chakula, akamwita mama. Kiwanja hicho kilikuwa na watu wengine watatu wenye risiti za namna hiyohiyo, na mama yule alijua hivyo siku alipopeleka mchanga wa kuanzia ujenzi.

Wengi watasema: alikosea mwenyewe, angekwenda kwa konservatere, ofisa anayetunza hati za ardhi. Ni kweli angekwenda. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi yote ni mali ya Serikali; Mkongomani anapewa konsesio ya kudumu, yaani haki ya kuitumia bila kikomo cha muda, na haki hiyo inathibitishwa na karatasi moja, sertifika ya usajili inayotolewa na konservatere wa hati za ardhi. Fishi ya parsele ya komine, yaani kadi ya kiwanja, barua ya shefu wa kartie, mkuu wa mtaa, karatasi ya mauzo iliyosainiwa mbele ya mashahidi: hizo zinaeleza kiwanja kilikopita, lakini hazikupi haki hiyo. Hata mkataba wa kupanga unaotangulia konsesio hauzidi miaka mitatu, na ndani ya muda huo unatakiwa uwe umekiendeleza kiwanja. Na hata sertifika yenyewe ina mtego wake. Ikishatimiza miaka miwili tangu itolewe, haivunjwi tena; aliyedhulumiwa anabaki kudai fidia tu. Mtu akiandikisha kiwanja chako kwa jina lake, nawe uko Johannesburg, miaka miwili inapita haraka sana.

Kisha kuna ardhi ya kimila, ambayo ndiyo viwanja vingi vya komine ya Annexe na vijiji vya pembeni vinakotoka. Sheria hiyohiyo ya 1973 iliahidi kwamba haki za jamii za vijijini zitapangwa kwa amri ya Rais wa Jamhuri. Miongo ikapita bila amri hiyo kutoka. Katika pengo hilo, shefu anauza hekta, kampuni inazikata vipande, mshauri anavisifu ukumbini, na mnunuzi anarudi nyumbani na karatasi ya shefu akidhani ana hati.

Na huku kwetu kuna jambo ambalo Kinshasa hawalifikirii sana: chini ya udongo kuna madini. Haki ya mgodi ni tofauti na haki ya ardhi, nayo inaandikwa kwenye kadastre yake ya migodi, CAMI. Unaweza kununua kiwanja kwa njia ya halali kabisa, ukajenga, kisha ukakuta eneo hilo liko ndani ya eneo la kampuni yenye leseni. Anayeuza kiwanja karibu na Kipushi bila kuangalia CAMI asijiite mshauri wa mtu.

Sasa mama wa Katuba, mwenye darasa sita za shule ya msingi, ndiye tunayemtaka ajue yote haya peke yake? Yaani konservatere, kadastre, CAMI, miaka miwili, miaka mitatu? Mwenye kuyajua, au mwenye kupaswa kuyajua, ni yule aliyemfuata nyumbani akisema ana utaalamu. Sheria yetu ya adhabu inamjua mtu anayeuza kiwanja kisicho chake. Kosa lake linaitwa stelionati na kifungo chake kinaweza kufika miaka mitano. Lakini inamtafuta aliyeuza. Aliyeshauri anasimama mbele ya polisi na kusema, mimi niliunganisha watu tu, na anatoka na asilimia 10 yake mfukoni. Kongo iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, tangu 2012, na sheria ya biashara ya OHADA, iliyorekebishwa Lomé mwezi wa Desemba 2010, inamtaka dalali abaki huru kati ya pande mbili na azipe habari zote za kuwasaidia kuamua. Kwa hiyo msingi upo. Kinachokosekana ni kuuleta wazi hadi kwenye kiwanja cha mtu wa kawaida, na kuweka ofisi yenye nguvu ya kumwita dalali aliyeuvunja.

Mawakili wawili watatu niliozungumza nao wanasema tusubiri: kwanza turekebishe kadastre, tuweke hati kwenye kompyuta, mengine yatajirekebisha. Nawaheshimu, lakini hapa sikubaliani nao, na sababu yangu inatoka mbali. Mfumo wetu wa sertifika uliigwa tangu enzi za Leopold II kutoka mfumo wa Torrens wa kuandikisha ardhi, uliozaliwa Australia Kusini mwaka 1858. Waaustralia ndio wenye mfumo, na rejista yao ya ardhi inaaminika. Hata hivyo miaka ya 2000 watu wao walikuwa wanalipa maelfu ya dola kuingia kwenye semina za kutajirika kwa nyumba, kisha wanauziwa nyumba kwa bei iliyopandishwa. Hati zilikuwa safi. Ushauri ndio uliokuwa mchafu. Anayewashauri watu kununua hisa alihitaji leseni, anayewashauri kununua nyumba hakuihitaji. Kamati ya bunge lao ilichunguza jambo hilo, na Juni 2005 ikapendekeza ushauri wa uwekezaji wa nyumba na ardhi uwekwe chini ya sheria kama ushauri wa mambo ya fedha. Kadastre nzuri inakuambia kiwanja ni cha nani. Haikuambii kama bei ni ya haki, kama maji yatakufuata, wala kama anayekusukuma usaini leo analipwa ili usaini leo.

Kenya nao wana sheria ya mawakala wa nyumba na viwanja tangu 1984: asiyeandikishwa na bodi haruhusiwi kufanya kazi hiyo. Matapeli bado wapo Nairobi, hilo linajulikana. Lakini mnunuzi wa Nairobi ana mahali pa kuuliza: huyu yumo kwenye orodha au hayumo? Sisi hatuna hata orodha.

Ninachotaka kwa jimbo letu la Haut-Katanga si kikubwa. Katiba ya 2006 imeyapa majimbo kazi ya kutoa na kutunza hati za ardhi kwa kufuata sheria ya taifa, kwa hiyo bunge la jimbo lina pa kuanzia. Orodha moja ya wakomisioneri na wanaojiita washauri, ibandikwe komine zote saba za mji, na namba ya kila mmoja iwe kwenye kila tangazo lake, hata lile la WhatsApp. Kabla ya dola ya kwanza kutoka, mnunuzi apewe karatasi yenye saini: mimi fulani nalipwa na fulani, kiasi hiki. Apewe pia jibu la konservatere kuhusu jina lililoandikwa kwenye kiwanja, na jibu la CAMI pale inapohusika. Pesa ya mwanzo ikae benki au kwa notere, ofisa anayethibitisha mikataba, mpaka majibu hayo yatoke, na mnunuzi awe na wiki mbili za kubadili mawazo na kurudishiwa pesa yake yote. Hiyo wiki mbili naitilia mkazo, kwa sababu maneno ya ukumbini hayavumilii usiku mmoja wa kulala na kuzungumza na ndugu. Na anayeahidi kwamba kiwanja hakishuki bei alipe faini kwa kusema hivyo tu.

Hofu yangu kubwa iko kwenye orodha yenyewe. Tunajua ofisi zetu. Orodha inaweza kugeuka mlango mwingine wa kuombea pesa, kijana wa komine zetu za Kenya au Ruashi asiye na ajira akafungiwa njia, na kampuni yenye ukumbi na projekta ikanunua kibali chake siku ya kwanza. Kwa hiyo ada iwe ndogo, iandikwe ukutani, ilipwe benki tu, na uandikishaji ufanyike komine, karibu na mtu. Masharti ya diploma yasiwekwe. Kijana anayesema ukweli kuhusu dembo ana faida kwa mnunuzi kuliko mwenye shahada anayelificha. Baadhi ya wakomisioneri wa muda mrefu wameniambia wao wenyewe wanaitaka orodha hiyo, kwa kuwa kila tapeli anayekamatwa anawapunguzia wateja, na hakuna karatasi yoyote wanayoweza kuonyesha kwamba wao si yeye.

Deputi wa jimbo anayesoma hapa akiona yote haya ni mazito kwa mara moja, aanze na kifungu kimoja: kile cha kutaja kwa maandishi nani anamlipa nani. Hakihitaji bajeti, hakihitaji kompyuta, hakihitaji kusubiri Kinshasa imalize marekebisho ya ardhi. Kinaweza kupitishwa kabla mvua hazijaanza.