Kijusi Kikikubaliwa Kuwa Mtu, Je, Ubishi Umekwisha?

Mjadala wa kutoa mimba huanza, karibu kila mara, na swali moja: uhai wa binadamu huanza lini? Wanaopinga hujibu kwamba huanza mimba inapotungwa, kwa kuwa baada ya hapo hakuna siku ambayo mtu anaweza kuinyooshea kidole na kusema kwamba jana palikuwa na kitu na leo pana mtu. Hoja hiyo ni nzito kuliko wapinzani wake wanavyokiri. Mipaka mingine inayopendekezwa ina walakini. Ule wa uwezo wa kuishi nje ya tumbo, kwa mfano, husogea kila hospitali zinapopata mashine bora zaidi.

Mwaka 1971 mwanafalsafa wa Marekani, Judith Jarvis Thomson, aliamua kuikubali hoja hiyo ili aone inafika wapi. Alimfikiria mtu anayeamka na kujikuta ameunganishwa kwa mirija na mpiga fidla mashuhuri mwenye ugonjwa wa figo, ambaye anaishi kwa kutegemea figo za mtu huyo na atakufa akichomolewa kabla ya miezi 9. Mgonjwa ana haki ya kuishi, sawa, lakini je, haki hiyo inampa mamlaka juu ya figo za mwenzake? Mfano huu unamfaa zaidi mwanamke aliyebakwa. Kwa mimba iliyopatikana kwa ridhaa unalegea, kwani mama na mtoto si watu baki. Hata hivyo, mzazi anayekataa kumpa mwanawe figo tutamlaumu, pengine kwa ukali, ila hatumpeleki jela.

Hapo maadili na sheria huachana njia, na hapo, kwa maoni yangu, ndipo mjadala ungepaswa kuanzia. Mwaka 1993 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilishikilia kwamba kijusi kina haki ya kuishi na kwamba kukitoa, kwa kawaida, ni kinyume cha sheria. Papo hapo ikaruhusu mwanamke asiadhibiwe katika wiki 12 za mwanzo, mradi amepata ushauri nasaha kwanza. Wapo waliouona uamuzi huo kuwa unafiki, na wapo waliolalamika kwamba unamwacha mwanamke na doa la mkosaji. Lawama zote mbili zina ukweli wake. Lakini sheria iliyokuwa mbele ya majaji hao, iliyopitishwa mwaka 1992, ilikuwa na kifungu kisichozungumzwa sana, cha kumsaidia mama badala ya kumhukumu: kila mtoto anayetimiza miaka 3 ana haki ya kupata nafasi katika shule ya chekechea.